Piko Yako Haikumuunguza Raisa

Alum Rock, Birmingham
9 Mei 2025

Mpendwa Mamdogo Shemsa,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Presha yako vipi, na lile goti limekubali kupanda ngazi? Mimi na mume wangu Abdulnasir tu wazima wa mwili. Barua hii anakuletea Maulid kwa mkono, maana simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Tangu utoke kwenye grupu la familia hujui hali ya mjukuu wako Raisa. Yale madoa ya miguuni, yaliyomtoka siku mbili baada ya kumchora maua kwa piko, ile rangi nyeusi uliyotutumia kwa arusi ya Januari, hayakuwa ya kuungua. Siku tano nilimpaka mafuta ya nazi huku nikikurushia maneno kwenye grupu kwamba piko yako imemuunguza, watu wote wakisoma, mpaka magoti yakamvimba na tumbo likamkata. Hospitali wakasema mishipa yake midogo ya damu imevimba. Huwapata watoto, mara nyingi baada ya mafua, na wiki ile Raisa alikuwa na mafua.

Dokta Kirandeep, mzaliwa wa Nairobi, alinielezea kwa Kiswahili chake: "Skiza mama, hii rangi haikufanya kitu. Hata ungekuja day one, kidney tungeangalia tu hivi hivi."

Watoto wengi hupona bila dawa kubwa. Wachache ugonjwa huingia kwenye figo, na Raisa ni katika hao. Machi walimchoma sindano mgongoni wakachukua kipande kidogo cha figo kukipima. Vidonge anavyomeza vimemvimbisha uso, na chakula kisicho chumvi anakisukuma pembeni.

Kila asubuhi nachovya kijiti kwenye mkojo wake. Kikibaki manjano ni salama, kikigeuka kijani protini inavuja. Yeye husimama mlangoni: "Mummy, yellow au green?" Tangu Februari hakijabaki manjano hata siku moja. Dokta hawezi kusema kama figo zitapona au zitabaki na kovu. Anasema tungoje. Safari ya kuja kwenu Julai tumeifuta.

Mamdogo, nimebanwa. Siku zangu ni choo, jiko na hicho kijiti, na naogopa kukitazama.

Sasa lililonifanya niandike. Maneno ya dokta niliyasikia Februari, na nikayakalia miezi mitatu. Kukulaumu wewe kulinipa mahali pa kuweka hasira, na mishipa ya damu huwezi kuigombeza. Wewe uliyenilea tangu nina miaka minne. Naona haya. Leo nimeandika ukweli kwenye grupu, wausome wale wale waliosoma uongo wangu. Nisamehe.

Jana nilimkuta Raisa amejichora maua miguuni kwa kalamu, juu ya alama za madoa. Nilipomuuliza, akasema, "It's for when Bibi calls. Ili aone kwa video."

Nitapiga Jumamosi ya tarehe 17, saa nne asubuhi ya kwenu. Kama hutaki kusema na mimi ni haki yako. Ila ipokee, maana simu ataishika yeye.

Nisalimie Mjomba Mkubwa, Safiya na wanawe. Mungu akupe afya na umri, na katika dua zako usimsahau huyu mtoto.

Wako akupendaye, uliyemlea,
Zuwena