Mgeni Hasa ni Nani Humu Ndani

Nyumba ya Ghorofa,
Mlango wa Chini ya Ngazi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule mwenzako wa chumbani, bado anakukoromea mpaka unahamia jikoni? Sisi huku wazima. Presha ya Mama imetulia, ulimi wake ndio haujatulia. Wifi yako anakohoa kidogo na anakana kwamba anakohoa. Mimi nipo na mkasi wangu. Vichwa vya watu vinaota nywele, nasi tunakula.

Tangu upige simu kwamba unakuja likizo, tumefurahi mpaka Mama kafua mapazia. Lakini kabla hujafunga begi, kuna jambo limetuvuruga, na hata sijui nianze kukueleza upande gani.

Mwenye nyumba alibandika tangazo ngazini: maji hayatoshi, kila mpangaji abaki na familia yake, wageni wote waondoke mwisho wa mwezi. Tukalisoma, tukawasikitikia majirani. Jioni akapita kwetu, akanyoosha kidole sebuleni. "Na huyu mgeni wenu pia."

Alikuwa anamwonyesha Mzee Saa.

Unamkumbuka, yule fundi saa aliyekaa meza moja na marehemu Baba kazini. Ulipoondoka ndiyo kwanza alikuwa amekuja kujihifadhi kwetu nyumba yake ikipigwa rangi. Rangi ilikauka, wanawe wakaiuza nyumba, yeye akabaki. Analala chumbani kwako, kwenye kitanda chako kile kilicholegea upande mmoja. Akitoka hapa hana pa kwenda. Wanawe wakimwona mbali wanavuka barabara.

Basi tukaanza kubishana mgeni ni nani. Nilidhani ni neno la kumalizwa kabla chai haijapoa.

Mimi nilisema mgeni ni mtu asiye na ufunguo. Nikajiegemeza kitini kama hakimu. Wifi yako akauliza, "Mzee Saa anao?" Hana. Hajawahi kuuhitaji, kwa sababu hatoki. Yeye ndiye anayetufungulia sisi. "Na wako uliupoteza mwaka jana," akaongeza wifi yako, "kwa hiyo karibu sana, ukae."

Yeye akaja na lake: mgeni ni mtu asiyetumwa dukani. Mama akamtazama. "Mimi mlinituma lini?" Watu wakarudia chai zao.

Mama ndiye aliyetoa la maana. Alisema mwenyeji ni anayesema karibu, na mgeni ni anayeambiwa. Tukakubali, kwanza lina akili, pili ni Mama. Kumbe ndiyo tumemmaliza mzee wa watu, kwa sababu Mzee Saa hubisha hodi kila mahali. Akitoka bafuni kurudi sebuleni, hodi. Tumeshamwambia aache. Wifi yako alijaribu kumnyamazia ili azoee kuingia tu. Akasimama pale mlangoni na taulo lake begani, anasubiri, mpaka wifi yako akashindwa.

Wakati wote huo mwenyewe alikuwa palepale, kioo cha kukuzia kimembana jichoni, anachokonoa saa ya ukutani. Mama akamwambia, "Shemeji, sema na wewe. Ni wewe tunayekupigania."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Hapana shemeji, mimi nisiingilie mambo ya kifamilia."

Sasa mtu kama huyu unamteteaje?

Alhamisi mwenye nyumba akaja kutaka jibu. Mama alikuwa kliniki, sisi kazini. Yaliyotokea nimeyapata kwa mwenye nyumba mwenyewe, kakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, shingo imejaa povu.

"Kinyozi," akaniambia, "nilibisha, yule mzee akaniambia karibu. Akanipa kiti, akanipa chai. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya mgeni. Akasema, 'Bado hajafika. Ni binti yetu, anakuja likizo. Hatakaa sana.' Mimi nilienda kumtoa mtu, nikajikuta naaga na kushukuru."

Nikamuuliza ameamua nini.

"Yule abaki, yule ni mwenyeji kabisa. Lakini huyo mgeni wa likizo, huyo nataka kujua anaondoka lini."

Dada, nilikuwa na wembe mkononi. Nikamalizia kumnyoa shingo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mzee Saa amepiga magoti chumbani kwako, anakaza skrubu za kitanda. Nikamwambia habari njema, kwamba anabaki. Akashangaa. "Kwani kuna mtu alikuwa anaondoka?" Akakitikisa kitanda, hakikulia. "Mgeni alale hapa," akasema. "Sisi wenyeji tutajibana sebuleni."

Mama alicheka, kisha akaingia jikoni na hakutoka upesi.

Ndipo nilipo. Nikienda kwa mwenye nyumba kumwambia wewe si mgeni, ulizaliwa humu, atauliza basi yule wa kitandani kwako ni nani, na tutarudi kulekule tulikotoka. Nikinyamaza, nimekufanya mgeni kwa mama yako mzazi. Nimelala nalo, nimeamka nalo, jana nusura nimkate mteja sikio. Hebu niambie wewe. Ukifika mlangoni utabisha, au utaingia tu? Ukibisha, jua atakayekuitikia ni yeye.

Mama anakusalimu, na anauliza kama bado hunywi maziwa. Wifi yako anasema njoo na dawa ya kikohozi, si yake, ya mtu mwingine. Mungu akufikishe salama, goti na wewe.

Mzee Saa naye ametuma salamu, na amesimama hapa kuhakikisha naziandika. Anasema usiwe na wasiwasi wowote, hapa ni kama kwenu.

Wako akupendaye, ingawa haelewi chochote,
mdogo wako, Kinyozi