Kipande cha Waya wa Mlango Wetu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za afya yako na za maharage, nitoe kwanza neno ambalo hadi leo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio: waya wa mbu wa mlango wetu niliukata mimi. Mama Spesi hakuuiba.

Unakumbuka panya walivyotafuna kitabu changu cha jiografia. Nilitaka kuziba tundu la sanduku la vitabu. Ulipokuwa shambani nilichukua mkasi wako nikakata kipande pale chini ya mlango, nikidhani hutaona. Wiki ileile Mama Spesi alitoka kambini kwa wakimbizi kuja kutusaidia kuvuna, akiwa na chekecheke yake ya unga. Ulipoona ina waya wa mbu ukamwambia, "Kumbe ni wewe! Nakupa chakula, wewe unawafungulia mbu wanangu?"

Akajibu, "Mama Editha, hii nimetoka nayo kambini. Hata Spesi binti yangu anaijua."

Ukamkataza kukanyaga tena uwanja wako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, nimeshika sahani. Aliniangalia mara moja tu, akachukua jembe lake akaondoka, bila hata fungu lake la maharage. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia nitasema Jumapili. Halafu nikaletwa huku Biharamulo kusoma, na sanduku langu la vitabu.

Kwa mama mdogo naishi vizuri, isipokuwa siongei sana na wanacheka. Jumamosi baba mdogo alikuwa anabadilisha waya wa mlango uliochanwa na mbuzi. Akaniita, "Msomi, weka kitabu chini. Nyundo haiumi."

"Inaumiza vidole, baba mdogo."

"Basi vidole navyo vitasoma."

Tuling'oa mbao nyembamba zinazobana waya, tukauvuta wa zamani. Akanionyesha ulipochanika. "Ona mbuzi alivyofanya, nyuzi zimepinda huku na huku. Ingekuwa mkasi, ukingo ungenyooka."

Sikuweza hata kupigilia ule mpya. Nilisingizia tumbo. Mama, ukifumua kitambaa ulichoshonea tundu la mlango wetu, utaona ukingo umenyooka kama mstari wa rula.

Nasikia huko baadhi ya wakimbizi wameanza kurudi kwao. Naogopa Mama Spesi ataondoka akijua kwamba kwetu anaitwa mwizi. Nakuomba uende kambini umwambie ni mimi, na kwamba nilikuwepo nikanyamaza. Hasira yako kwangu ni haki, lakini nenda kwake kwanza. Mimi nitasubiri.

Nisalimie Baba, na Bibi anayeniombea kwa rozari. Mdogo wangu Deo mwambie asome kwa sauti, asiwe kama mimi.

Leo baada ya shule niling'oa kile kipande kwenye sanduku. Kina matundu ya misumari, lakini ukikiweka mlangoni kitalingana na tundu. Baba mdogo alinipa waya mpya uliobaki, baada ya kumwambia yote haya, kwa hiyo sasa mnajua wawili. Nimekikunja kipande ndani ya waya huo, nimefunga pamoja na barua hii, na kesho asubuhi nitampa fundi baiskeli anayekuja huko kwetu Ngara. Vitabu nimevihamishia kitandani, upande wa ukutani.

Mwanao,
Editha