Muulizeni Mwenyewe

Alhamisi, Mei 1998. Tiwi.

Mvua ya masika inapiga mabati tangu alfajiri, nami sina la kufanya ila kukaa peke yangu juu ya kitanda cha harusi. Fungate ni siku saba. Yangu imekufa siku ya sita. Asubuhi hii wajomba wa mke wangu wamekuja na pikapu, wamemchukua yeye, sanduku lake, na aibu ambayo si yake.

Ni yangu. Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kusoma.

Nianze na uchafu wenyewe. Mimi ni dobi katika hoteli moja ya Diani, mtu wa maji moto na sabuni, hodari wa kutoa madoa ya wenzangu. Msimu uliopita nilijiachia. Sisemi na nani, kwa sababu walikuwa zaidi ya mmoja na sikumbuki vyema, na hilo peke yake linatosha kueleza nilikuwa mtu wa namna gani. Nikaota chunjua pale ambapo mwanamume hamwonyeshi mtu. Mwanzo nikadhani ni joto la chumba cha kufulia. Nikapaka ndimu. Nikajuta.

Wiki tatu kabla ya harusi nikaenda zahanati moja ya Ukunda. Daktari ni mtu wa bara, hajui kuzunguka na maneno. Nilimwambia nimetahiriwa, nasali, nakoga mara tatu kwa siku, sasa ugonjwa huu umepitia wapi? Akacheka mpaka akashika meza.

"Boss, hii kitu inapita ngozi kwa ngozi. Hata mpira inapunguza tu, haifuniki kila mahali. Sindano ya kukinga hakuna. Kinga ilikuwa kutulia, na hiyo umechelewa."

Akanipaka dawa ya kahawia iliyoniunguza nikaona nyota mchana. Kisha akaacha kucheka. Akasema chunjua zikianguka nisidhani zimekwisha, nikae miezi mitatu bila kumgusa mwanamke. Na nikioa, mke wangu awe anapimwa mlango wa kizazi, maana kirusi hiki kina ndugu zake, na hao ndugu huweza kukaa kimya ndani ya mwanamke miaka na miaka, kisha wakaleta saratani. Yote akayaandika kwenye kadi, kwa Kiingereza, kwa mwandiko unaosomeka. Madaktari wengine huandika kama kuku, huyu wangu akaandika vizuri.

Miezi mitatu. Na mialiko ilikuwa imeshafika Wasini.

Ningeweza kuahirisha. Nilitaka kanzu yangu mpya, nilitaka dua, nilitaka kuonekana. Ijumaa asubuhi, siku ya nikaha, nikiwa nakoga, nikaona chunjua moja imerudi, ndogo kama punje ya mchele.

Basi sikumgusa mke wangu, Mwanamisi. Mtu asinisifu. Mama mkubwa wangu alikufa kwa saratani hiyo hiyo, na mashuka yake nilikuwa nayafua mimi, kwa hiyo najua ninachokisema. Mumewe, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote, alikula pilau ya harusi yangu sahani mbili. Sikutaka kuwa kama yeye. Nikapata njia yangu mwenyewe ya kumshinda kwa ubaya.

Kwetu bibi harusi hutandikiwa kitambaa cheupe, na asubuhi kungwi wake huja kukitazama kama kina damu. Bibi harusi hukaguliwa na wanawake wanne. Bwana harusi hukaguliwa kanzu tu, kama imenyooshwa.

Jumamosi kitambaa kikatoka cheupe. Bi Riziki, kungwi wake, akasema ni uchovu. Jumapili, cheupe. Mwanamisi nilikuwa nampa mgongo, nasingizia kichwa. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kuna alilonikosea. Nikamwambia alale.

Jumatatu mama akanifuata uani nilipokuwa napiga mswaki.

"Mwanangu, kulikoni? Mbona kitambaa hakisemi?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, mimi mgonjwa. La pili, sijamgusa, na kwa hilo Tiwi nzima ingesema jogoo hawiki. Nikatema povu, nikasema:

"Muulizeni mwenyewe."

Maneno mawili. Ukiyapima, hata si uongo. Lakini mama aliyasikia vile nilivyotaka ayasikie. Uso ukambadilika, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaenda.

Wakamuuliza. Jumatatu yote, na Jumanne: mama yangu, shangazi zangu wawili, na jirani ambaye hata hakualikwa. Nani alikutangulia? Mimi nilikuwa chumba cha pili, nakula mahamri. Neno moja lingemwokoa, "hajanigusa", na yeye alikuwa nalo kama mimi. Hakulisema. Nikamdharau kwa hilo, Mungu anisamehe. Nikajiambia huenda kweli ana lake, maana anayeonewa hupiga kelele. Nikaanza kuiamini hadithi niliyoitunga mwenyewe, na ikanipa usingizi mzuri.

Jana wakamwita mama yake kutoka Msambweni. Alikaa mkekani akikunja na kukunjua pindo la leso, hakumtazama mwanawe. Bi Riziki peke yake ndiye aliyesema, tena akinitazama mimi.

"Mtoto huyu nimemfunda kwa mkono wangu. Nilimwambia la chumbani halitoki nje. Naona kafundika."

Nikainamisha macho kama mtu mwenye heshima zake.

Asubuhi hii, kabla ya kutoka, Mwanamisi alimpa mama yangu shikamoo, kama siku aliyokuja. Mama hakuitikia. Mimi aliniambia, "Kitambaa nimekukunjia, kiko chini ya mto." Nilidhani ananikejeli.

Sasa hivi nimekikunjua. Cheupe, kimenyooshwa vizuri, hata mimi dobi sikioni kasoro. Ndani yake kuna kadi yangu ya zahanati, ile niliyoificha chini ya nguo zangu sandukuni. Huyu msichana amemaliza kidato cha nne. Kiingereza cha daktari hakikumpa taabu. Nyuma ya kadi, kwa penseli, ameandika "Jumapili". Chini yake amehesabu miezi kuanzia tarehe ya daktari, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ule wa tatu akauzungushia duara. Kando ya duara kuna neno moja.

Ningengoja.

Alijua tangu Jumapili. Siku zote zile walipokuwa wanamuuliza, jibu lao alikuwa nalo, lina jina langu na mhuri. Akanisitiri. Mimi nilikuwa nakula mahamri.

Mvua imepungua. Mama yuko barazani na yule jirani wanachambua mchicha, na nasikia kila neno. Anasema mwanawe ana subira, mwanamume mwingine angempiga yule mtoto wa watu. Jirani anasema kweli, umezaa.

Kutoka hapa hadi barazani ni hatua kumi. Nimezihesabu nikiwa nimekaa.

Nitamwambia mama kesho, moyo ukimtulia. Jumatatu pia nilisema hivyo.