Mnara Katika Shamba Lako la Maharagwe

Maman mpenzi,

Leo nimerudi kutoka kazini na matope hadi magotini. Nimeacha viatu kwenye ngazi kama ulivyotufundisha, na kabla hata sijavua koti nimeshika simu nikupigie. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye jina lako, ndipo nikakumbuka kwamba hutapokea tena. Basi nimekaa jikoni hapa Ixelles, nimechemsha chai, nikaona afadhali nikuandikie. Kuzungumza nawe ni jambo ambalo mwili wangu bado haujajifunza kuliacha.

Unakumbuka Jumapili zetu za zamani? Nilipofika Brussels, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nimekimbia vita na sina hata koti la baridi, kijijini kwetu, upande wa Bukavu, hakukuwa na réseau, mtandao wa simu, hata ya kusema allô. Baada ya misa ulipanda mlima, viatu vya kanisani mkononi, hadi juu kabisa ambako simu ilipata alama moja. Mimi nilikuwa nimejifungia katika kijumba cha vioo kwenye duka la simu pale Matongé, mtaa wa Waafrika, nikitoka jasho. Huko juu mlikuwa wengi, kila mmoja ameelekeza simu upande wa ziwa, kila mmoja anapiga kelele. Habari za majirani nilizipata kabla ya zako.

"Sema na nguvu, mutoto wangu!" ulikuwa unaniambia. "Hapa kuko muntu anauzisha mbuzi yake mu masikio yangu!"

Tulicheka hadi laini ikakatika. Grâce alipozaliwa, kila Jumapili mvua ilikuwa imefunika mlima, na simu yako haikupatikana. Ulipokuja kujua kwamba una mjukuu, mjukuu mwenyewe alikuwa ameshaanza kucheka.

Wakati ule nilikuwa nasafisha ofisi za Umoja wa Ulaya karibu na Schuman. Asubuhi moja, katika chumba cha mikutano, nilikuta ramani kubwa ukutani, na juu yake madoa ya kijivu huku na huku. Mlinzi wa pale, mzee mmoja mpole kutoka Lubumbashi, aliniona nimesimama mbele yake.

"Ile ya kijivu ni fasi internet ya mbio haiyafika," akasema. "Bale bazungu ba mu misitu."

Nilidhani ananitania: Wazungu ambao intaneti haijawafikia? Nilikuwa naamini kwamba huku Ulaya kila nyumba ina kila kitu. Lakini nilirudi nyumbani nikiiwaza ramani ile, na mwaka uliofuata niliingia chuo cha ufundi kujifunza kuunganisha nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Nilipokueleza, ulishtuka.

"Kioo? Kama kya dirisha?"

"Ndiyo, maman, lakini chembamba kama unywele. Mwanga unapita ndani, na sauti yako inapita pamoja nao."

Nikasikia upepo wa mlimani. Kisha ukasema, "Bon. Ujiangalie, usijikate vidole."

Kazi ikanipeleka Ardennes, vijiji vya mabondeni ambako simu hufa ukivuka tu daraja. Nilikusimulia juu ya Madame Jeanne, mjane mwenye ng'ombe, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kwenye njia ya msituni. Watoto wake walikuwa wamehamia ng'ambo, na ili kuwasikia alikuwa anaendesha gari hadi kwenye uwanja wa kanisa la kijiji jirani, anazungumza nao akiwa amekaa garini. Siku tulipomuunganisha alinikatia kipande cha keki ya plamu kikubwa kuliko uso wangu. Wewe ulicheka hadi ukakohoa. "Kumbe na bazungu banapandaka mulima juu ya réseau!" Tangu siku hiyo, kila nilipokupigia, uliniuliza kwanza habari za Madame Jeanne na ng'ombe wake.

Halafu ukaja mwaka wa Nabintu.

Nabintu alikuwa mtoto wako wa ubatizo. Wewe ndiye uliyemsuka siku ya harusi yake. Uchungu ulipomshika, damu ikaanza kumtoka na haikukoma. Espérance, muuguzi wa dispensari, alikuwa peke yake naye. Mume wa Nabintu alikimbia mlimani kumpigia daktari wa Bukavu, lakini mawingu yalikuwa yamekaa juu ya kilele na simu haikushika kitu. Alishuka analia. Hawakupona, Nabintu wala mtoto. Ulinieleza Jumapili iliyofuata, kwa sauti ndogo sana, na wenzako wote pale juu walikuwa wamenyamaza. Ile ndiyo mara ya pekee niliyosikia mlima ule umetulia.

Kwa hiyo wahandisi walipokuja kijijini na watu wa ushirika wa kahawa, wakitafuta mahali pa kusimamisha mnara wa intaneti, ulikuwa umeshabeba jambo moyoni. Walitaka sehemu inayoona ziwa upande mmoja na kijiji upande wa pili, kwa sababu minara hiyo hupokezana mawimbi na lazima ionane. Wakazunguka weee, wakaishia kwenye shamba lako la maharagwe, lile lililotulisha baada ya baba kufa.

Tonton Fidèle, mdogo wake baba, alitaka uliuze lote. "Muke wa kaka, mwisho njo huu," alikuwa anakuambia. "Umezeeka. Bapatie, tupumuzike." Ukakataa. Wahandisi wakarudi mara nyingine, ukakataa tena, kijiji kikaanza kunung'unika kwamba mama mzima anazuia maendeleo kwa sababu ya maharagwe. Ndipo ukapanda mlima siku isiyo ya Jumapili, ukanipigia. Nilikuwa ndani ya mtaro kando ya barabara, mwenzangu ameshika kebo ananisubiri.

"Neema, wewe njo uko na hiyo kazi. Uniambie kweli. Ile chuma itaua maharagwe yangu?"

"Hapana, maman. Itachukua kona tu. Maharagwe yataota mpaka miguuni pake."

"Bon. Na kama ingekuwa pale siku ya Nabintu?"

Nilikaa chini mle mtaroni. Mwenzangu aliniuliza kwa ishara kama kuna tatizo, nikamwashiria angoje.

"Espérance angemwita daktari, maman. Daktari angemwona Nabintu kwa macho yake kupitia kompyuta, akamwelekeza Espérance la kufanya. Labda angepona. Siwezi kukuapia."

"Sikukuomba kiapo," ukasema, taratibu, kama zamani ulipokuwa unanifunika blanketi. "Aksanti. Nimeisha elewa."

Kesho yake uliwaita wote shambani. Uliwapa kona, hukuuza hata kipande, na ukatoa sharti moja: laini ya kwanza iingie katika chumba cha wazazi pale dispensari. Kabla ya parokia. Kabla ya ofisi ya ushirika. "Na kabla ya nyumba ya Fidèle," ukaongeza, watu wakacheka, naye akanuna wiki nzima. Lakini ni yeye aliyekuja kuzisimamia paneli za jua zinazoupa mnara umeme, anazipangusa vumbi kila asubuhi na kuwafukuza mbuzi, utadhani alizizaa mwenyewe.

Siku ya kwanza ya kuonana kwa picha, maman! Nilikuwa nimevaa gauni la Krismasi. Grâce alikuwa amesuka nywele upya. Picha ikafunguka, tukaona paji la uso na kitambaa cha kichwani.

"Mamie, shusha simu!" Grâce akapiga kelele. "Tunaona tu foulard!"

Ukashusha. Ukatokea mzima, umekaa kwenye kitanda cha dispensari na kitenge chako cha sikukuu, Espérance amesimama nyuma yako. Ulinikagua kuanzia kichwani hadi mabegani. Hukulia.

"Umekonda," ukasema. "Nani iko anakupikia?"

Kisha Grâce akacheka, ukaona mwanya kati ya meno yake, na hapo ndipo mkono wako ulipokwenda mdomoni. "Yoo! Neema, meno ya baba yako haya. Espérance, kuya uone, meno ya bwana yangu yako mu Bulaya!" Wanawake wote waliokuwa wanasubiri kujifungua wakaja kuyaona meno ya mwanangu.

Tangu hapo Jumatano mchana, wakati ambao watoto huku hawana masomo, ikawa yenu nyinyi wawili. Sikuingia kati. Nilimnunulia Grâce maharagwe ya maganda pale Matongé, akayamenya mezani, nawe ukayamenya ya kwako upande wa pili, mkisemezana. Kiswahili chake chote amekipata kwako. Juzi mwalimu wake alimwuliza swali, akajibu kwa maneno yako, "Apana, njo vile," darasa zima likamtazama.

Na laini ile ya dispensari ilifanya kazi yake. Ulinieleza juu ya yule msichana wa kijiji cha juu aliyeletwa kwa machela, mtoto amelala vibaya tumboni. Espérance alifungua kompyuta, daktari akatokea kwenye kioo, akawa anamwambia weka mkono hapa, sasa ngoja, sasa. Wewe ulikuwa nje mlangoni na rozari. Mtoto alipolia, ulinipigia papo hapo, kazini, ukaiweka simu karibu naye na hukusema neno. Nilimsikia akilia hadi nikamwomba mwenzangu azime mashine.

Tulikuwa tumepanga kuja kiangazi hiki, mimi na Grâce. Ulikuwa umeshaanza kunenepesha jogoo. Lakini moyo wako ulichoka katikati ya masika, na mvua zikavunja barabara ya ziwani, na Espérance aliponipigia nilijua kutokana na jinsi alivyosema "Dada" kwamba sitawahi. Maziko hayakuweza kunisubiri.

Tukayafuata hapa, jikoni, mimi na Grâce, nguo nyeusi mchana kweupe. Tonton Fidèle ndiye aliyeshika simu. Simu haikutulia mkononi mwake, kwa hiyo tuliona mbingu, kisha mwavuli wa padri, kisha jeneza, kisha mbingu tena. Aibu nakuambia, maman: nusu ya akili yangu ilikuwa inahesabu mawingu na betri, kama niko kazini. Laini haikukatika. Walipomaliza kufukia, kila mmoja alipita mbele ya simu na kuniambia pole kwa jina langu.

Kisha Tonton akasahau kuizima. Akarudi nayo nyumbani kwako, akaiweka juu ya benchi uani, chini ya upenu, kioo kikitazama juu. Tukawa tunaona mabati ya paa lako tu. Lakini tulisikia yote. Mvua nyepesi. Kuku. Masufuria. Mtoto anaitwa aje kunawa mikono. Halafu wanawake wakaanza kukusimulia, mwanzo kwa huzuni, baadaye mmoja akakumbuka jinsi ulivyomfukuza tajiri wa mbao kwa ufagio, na kicheko kikalipuka uani kote.

Grâce akanitazama, machozi mashavuni. "Maman, nikate?"

"Hapana," nikamwambia. "Acha."

Akavuta kiti akakaa karibu nami. Nikampakulia chakula, nikajipakulia na mimi, tukala pamoja nao hadi simu ya Tonton ilipoishiwa chaji.

Kiangazi tutakuja hivyo hivyo. Jogoo wako, Espérance anasema, bado anawasumbua majirani.

Pumzika, maman. Kitenge chako nimeomba wanitunzie.

Binti yako, mama wa Grâce.