Senene kwa Mtoto wa Mbwa

Mjukuu wangu Kemilembe,

Hapa Hamugembe tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, na jana alipogoa migomba bila kuomba msaada. Umeniuliza ufanyeje, maana kila ukimfungia mtoto wa mbwa kwenye kreti lake analia mpaka majirani wanalalamika. Nakujibu kwa kujivuna, kwani kazi hiyo niliiweza nikiwa na miaka kumi, kule Kimwani.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa anavua samaki kisiwani Goziba, akataka mbwa wa kulinda kambi. Mwenye boti akasema mbwa hapandi bila sanduku. Nikamchukua mtoto mmoja wa mbwa wetu, nikamsukumia ndani ya sanduku, nikafunga. Kesho yake alipoliona tu, alikimbilia migombani.

Basi nikang'oa mlango. Nikatandika yale majani makavu aliyokuwa akilalia na mama yake, nikatupia humo senene wa kukaanga, mmoja mmoja.

"Senene kwa mbwa?" mama akafoka. "Una wazimu wewe!"

Lilikuwa fungu langu, sikujali. Siku ya kwanza aliingiza pua. Siku ya nne akalala humo mwenyewe. Ndipo nikaurudisha mlango, nikawa naufunga kwa muda mfupi mfupi.

Siku ya safari mabaharia walijiandaa kumkamata. Nikaweka sanduku mchangani, akaingia kwa miguu yake, mkia juu. Ufukwe mzima ukapiga makofi!

Tulipofika kisiwani, tata akafungua mlango. Mbwa akamtazama, akajikunja, akaendelea kulala.

"Ala!" tata akacheka. "Mlinzi wangu amekuja na nyumba yake!"

Bibi yako