Bati la Cikuru

Maman wangu mpendwa,

Nakusalimia kutoka huku Kampala, na kwanza naulizia goti lako: bado linauma ukipanda kutoka sokoni? Na mdogo wetu Nabintu, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima. Kazi ya kushona inaendelea, na mwenye duka ananisemesha vizuri siku hizi. Ila juzi nilitia mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja, kwa sababu ya hasira. Acha nikueleze.

Mugisho, kiongozi wa kikundi cha muziki alichopigia marehemu Cikuru wetu, alinitumia albamu yao mpya kwenye simu. Aliandika kwamba wameitoa kwa heshima ya ndugu yangu. Nilikaa nikaisikiliza yote, nikingoja mlio wa bati lake. Wimbo wa kwanza, gitaa laini la arusi. Wa pili, wasichana wanaitikia. Nikangoja mpaka mwisho. Bati halikulia.

Unakumbuka albamu ya kwanza, waliyoirekodi pale nyumbani Kasha. Magitaa yalinguruma kwenye spika zilizopasuka, Mugisho akapiga makelele, na Cikuru akalipiga kwa nyundo na mnyororo lile bati alilobandua kwenye paa la jikoni kwetu. Jirani alikuja kuuliza kama tunabomoa nyumba. Ulimgombeza Cikuru, ukawa unapika mboga ya sombe chini ya mwavuli. Lakini siku asipopiga, ulimuuliza kama anaumwa.

Nilimpigia Mugisho simu. Akacheka kidogo.

“Dada, batu balichoka na makelele. Sasa banatuita ku mariages, kupigia maharusi, hata ku paroisse, mu misa.”

“Na Cikuru iko wapi mu hii albamu?”

“Iko ku pochette. Tuliweka foto yake, kubwa kabisa.”

Ni kweli, yuko kwenye picha ya mbele, anatabasamu. Ndani hayumo.

Sikumtukana, Maman. Muziki ni wao, na wao pia wanataka kula. Wabadilishe. Lakini hata ule wimbo Cikuru alioutunga tulipomzika Papa, usio na neno hata moja kwa sababu alisema hana la kusema, wameutia maneno ya mapenzi. Na bado wanauita wa Cikuru.

Sasa Mugisho anasema atakuja kwako kuomba lile bati. Wanataka kulipaka rangi nyeupe na kulitundika nyuma yao siku ya kuondoa matanga ya Cikuru, wakipiga hizo nyimbo mpya. Eti litapendeza. Najua huruma yako, na huyo mtoto amekula kwako tangu shule ya msingi. Mpe kiti, mpe bugali. Bati usimpe. Akitaka kulipiga kama Cikuru, alipige hapo uani, jirani akasirike tena. Asipotaka, mjomba wetu, tonton Bahati, alirudishe juu ya jikoni, hata kama limebonyea.

Nisalimie huyo tonton, na shangazi wa Walungu anayeuza maharagwe, na Nabintu, anywe dawa yake. Mwambie pia jirani kwamba namkumbuka.

Mvua ya kwanza ikinyesha, nipigie simu, uiweke jikoni chini ya lile bati. Usiseme kitu. Nitasikiliza.

Mtoto wako asiyekusahau,
Nsimire