Nyanya Yako Si Dume, Mama

Mpendwa Mama,

Nyanya yako nusura inikosanishe na baba, nawe hukuwepo kutuamulia.

Najua unauliza nyanya gani. Baada ya kukuzika, ziwa lilipanda likaingia mtaani kwetu Kihoto, likameza bustani yako ya nyuma ya nyumba, mpaka miti uliyofungia nyanya ikabaki inachungulia majini. Nikamleta baba Nakuru, anaishi nami hapa ghorofa ya tatu. Katika mizigo yake mlikuwa na mbegu ulizozikausha mwenyewe, za zile nyanya ndogo zenye mabonde mabonde kama boga, ambazo sijawahi kuziona sokoni. Zilikuwa zimepata unyevu. Nilizipanda zote kwenye ndoo ya rangi, ukaota mche mmoja tu. Huo ukifa, Mama, nyanya zako zimeisha.

Mche ulipendeza, nakwambia. Niliuweka sebuleni kando ya dirisha, maana hapa hatuna hata kibaraza. Ukapanda kamba hadi karibu na pazia, ukatoa maua ya manjano. Kisha maua yakaanza kudondoka, moja moja, bila tunda.

"Hii ni dume," baba akasema. "Ni kama papai. Dume haizai. Ng'oa hiyo kitu upande sukumawiki."

Nilikasirika, lakini swali likanikaa kichwani. Kwani nyanya ina dume? Nikaokota ua, nikalipasua kwa sindano. Katikati kuna kijiti cha kijani, na kifuko cha manjano kimekizunguka kama soksi. Ndani ya kifuko, vumbi. Nikasomasoma kwenye simu, nikaelewa: kijiti ndicho jike, kifuko ndicho dume, wanaishi chumba kimoja. Wanachokosa ni mtikiso tu, wa kulimwaga lile vumbi. Huko nje upepo unawasaidia. Sebuleni kwetu kuna nini? Kuna baba na redio.

Ndipo nikakumbuka lile dudu jeusi, nene, lililokuwa likining'inia kwenye maua yako likinguruma. Siku moja nilitaka kulipiga kwa ndala, ukanishika mkono.

"Wacha! Huyo ni mfanyikazi wangu."

Nikakuuliza anafanya kazi gani, na maua ya nyanya hayana asali. Ukacheka. "Kwani mimi najua? Muulize."

Kumbe kazi ni ule mngurumo wenyewe, Mama! Analikumbatia ua, anatetemeka, vumbi linamwagika. Natamani ungekuwepo nikueleze, ujifanye ulijua siku zote.

Sasa, dudu la kutetemeka nitalitoa wapi ghorofani? Nikachukua simu ya baba, ile mulika mwizi yake ya vitufe na tochi, nikaitoa sauti ibaki kutetemeka tu, nikaigusisha kwenye kikonyo cha ua, kisha nikaipigia kwa simu yangu. Brrr! Vumbi la manjano likaniangukia kidoleni. Baba akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Piga tena," akasema.

Tangu hapo kazi ni yake. Nikiwa ofisini ananiflashi, inalia mara moja anakata. Maana yake kuna ua limefunguka, nimpigie na yeye asishike. Shida ni kwamba siku hizi hashiki simu ya mtu yeyote; kila ikitetemeka anaikimbiza kwenye ua. Ndugu zake wanadhani amewakasirikia, na mimi naona haya kuwaambia kwamba mzee yuko dirishani anazalisha nyanya.

Maua yakaacha kudondoka. Mahali pa moja pakatokea kitufe cha kijani, kikavimba, kikapata mabonde, kikaiva. Nilifurahi, lakini moyo haukutulia. Sura ilikuwa ya nyanya yako, ila pengine ladha ilipotelea kwenye ndoo, kwa udongo wa kununua na jua la kioo.

Baba aliikata juu ya sahani. Akakamua mbegu kwanza, akazitandaza zikauke, hakuacha hata moja. Nusu moja akanipa, nyingine akaitia chumvi, akaila akiwa amesimama. Alitafuna muda mrefu, nami nikimtazama mdomo.

"Ni yenyewe," akasema, na machozi yakamtoka.

Nikala yangu. Ni yenyewe, Mama.

Pumzika sasa. Sisi huku tunaendelea kupigiana simu tusizoshika.

Kifungua mimba wako